Korongo wa Karatasi na Deni la Wazima

Pana uongo mmoja uliotembea dunia nzima kwa jina la wema. Unasema kwamba msichana wa Kijapani, Sadako Sasaki, aliyeugua saratani ya damu kwa sababu ya bomu la Hiroshima, aliambiwa kuwa mgonjwa anayekunja korongo elfu moja wa karatasi hujaliwa kupona. Kwamba akaanza kuwakunja kitandani. Kwamba alipofika korongo wa 644 nguvu zikamwisha, akafa. Na kwamba wenzake wa darasani wakawamalizia wale 356 waliobaki ili azikwe na elfu yake kamili. Hadithi hii husomwa madarasani, huigizwa jukwaani, huchorwa kwenye kuta za wodi za watoto. Imewaliza wakubwa na wadogo. Na katika jambo lililo kiini chake, yaani ile hesabu, si kweli.

Sadako aliimaliza elfu. Makumbusho ya Amani ya Hiroshima yameeleza hivyo, na jamaa zake wameeleza hivyo. Alianza kukunja mwezi wa Agosti 1955, na kabla ya mwezi huo kwisha elfu ilikuwa imekwisha kutimia. Akaendelea. Wakati anakata roho, tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 12, korongo wake walikuwa wameipita elfu kwa mamia.

Atakayesema kwamba tofauti hii ni ndogo, kwamba ni kosa la karani aliyeruka tarakimu, hajaipima vizuri. Katika hadithi ya uongo, mtoto ndiye aliyebakisha kazi: aliwekewa sharti, akashindwa kulitimiza, mauti yakamtangulia. Katika hadithi ya kweli, mtoto alitimiza kila alichoagizwa, tena akazidisha, na hakupona. Hadithi ya kwanza humwacha msikilizaji na huzuni tamu. Hufuta machozi akaenda zake. Ya pili humwacha na swali: ikiwa mtoto alitimiza upande wake, ni nani basi ambaye hakuutimiza wa kwake?

Ni kwa sababu ya swali hilo kwamba hesabu ya 644 imependwa kuliko hesabu ya kweli.

Mtoto mwenyewe

Sadako alizaliwa tarehe 7 Januari 1943. Asubuhi ya 6 Agosti 1945, saa mbili na robo, ndege ya Marekani ilipoangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima, alikuwa nyumbani kwao, umbali usiotimia kilomita mbili kutoka mahali lilipolipukia. Hakuungua, wala hakuvunjika kiungo. Mama yake alimbeba wakakimbia moto, na njiani mvua nyeusi, iliyochanganyika na masizi na sumu ya mlipuko, ikawanyeshea. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa katika mji huo. Sadako hakuwamo. Alikua, akaingia skuli, akawa hodari wa mbio, mmoja wa wale waliotegemewa na darasa lake katika mbio za kupokezana vijiti.

Mwishoni mwa mwaka 1954 shingo yake ilianza kuvimba. Mwezi wa Februari 1955 madaktari wakaitambua saratani ya damu, ugonjwa uliokuwa umezidi miongoni mwa manusura wa bomu, hasa waliopigwa na mionzi wakiwa wadogo. Tarehe 21 ya mwezi huo akalazwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Hiroshima. Yeye hakuambiwa jina la ugonjwa wake. Hata hivyo, mtoto huyu ambaye hadithi humchora kama malaika asiyejua lolote ila kukunja karatasi, alikuwa akifanya jambo jingine. Baada ya kifo chake ilipatikana karatasi ambamo alikuwa amenakili kwa siri hesabu za chembe za damu yake, kipimo baada ya kipimo. Alikuwa akisoma hati ya hukumu yake mwenyewe kwa tarakimu.

Korongo walikuja baadaye. Mwezi wa Agosti wanafunzi wa mji wa Nagoya waliwapelekea wagonjwa wa hospitali ile zawadi ya korongo wa karatasi, kwa kufuata itikadi ya zamani ya Wajapani kwamba korongo huishi miaka elfu, na kwamba elfu moja waliotungwa katika uzi huleta heri. Sanaa yenyewe ni kongwe: mwaka 1797 kilikwisha chapishwa Japani kitabu kizima cha kufundisha namna ya kukunja korongo walioungana. Sadako akaanza. Karatasi haikuwa bidhaa ya kuchezewa na maskini, kwa hiyo alitumia zile zilizofungiwa dawa, na zile zilizofungiwa zawadi za wagonjwa wenziwe. Wengine aliwakunja wadogo mno, akitumia ncha ya sindano.

Na umaskini ulikuwapo. Baba yake alikuwa kinyozi. Kaka yake, Masahiro Sasaki, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizunguka nchi mbalimbali kusimulia habari za mdogo wake, ameeleza kwamba baba yao alimdhamini rafiki katika mkopo, na deni la rafiki likamwangukia mdhamini. Matibabu na damu ya kuongezewa vilikuwa vya kulipiwa. Masahiro ameeleza pia kwamba elfu ya kwanza ilipotimia bila ya afya kurudi, Sadako aliendelea kukunja akiomba madeni ya baba yake yalipike.

Hapo ndipo hadithi ya kweli inapoipita ile ya kutungwa kwa uzito na hata kwa uzuri. Mtoto aliyekuwa akifa alikuwa akiomba dua kwa ajili ya hesabu za nyumbani. Korongo aliowakunja baadaye walikuwa dua ya mtu anayeona kwamba uhai wake unawagharimu wanaompenda. Msimulizi anayelificha jambo hili kwa hoja kwamba ni zito kwa watoto, anawaficha watoto jambo ambalo mtoto mwenzao alilibeba.

Gharama zile zilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuwa kinyozi na mkewe. Marekani, iliyoangusha bomu, iliweka Hiroshima tume ya uchunguzi iliyoanza kazi mwaka 1947. Tume iliwapima manusura, ikachukua damu yao, ikaandika takwimu. Kuwatibu hakukuwamo katika jukumu lake. Japani nayo, iliyoianzisha vita vya Pasifiki na kuwaburura raia wake hadi kwenye ukingo ule, ilipitisha sheria ya kuwatibu manusura kwa fedha za serikali mwaka 1957. Sadako alikuwa amekwisha kuzikwa. Dola moja ilipima bila ya kutibu, nyingine ilitibu baada ya mazishi, na katikati yao akakaa mtoto mwenye karatasi ya kufungia dawa mkononi. Kumsimulia mtoto huyo na kuziacha dola hizo mbili nje ya hadithi ni sawa na kusimulia habari ya mtu aliyezama bila ya kuitaja bahari.

Inkisari iliyovunja maana

Kitabu kilichoieneza hesabu ya 644 kuliko kingine chochote ni cha Eleanor Coerr, kilichotolewa Marekani mwaka 1977 kwa ajili ya watoto. Kabla yake Robert Jungk alikwisha kuandika habari za Sadako kwa Kijerumani mwaka 1959, na Karl Bruckner wa Austria akamtungia riwaya mwaka 1961. Ni dhahiri kwamba kisa hiki kilikuwa kikisubiriwa. Ulimwengu ulihitaji mtoto mmoja wa kumlilia mahali pa maelfu wasiolilika, na hilo si dhambi, kwa kuwa moyo wa mwanadamu humwona mmoja kabla ya kuwaona wengi.

Watetezi wa kitabu husema kwamba mtunzi ana uhuru wake, na kwamba asiyeujua uhuru huo haijui fasihi. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa sheria za fasihi yenyewe, na wapenzi wa ushairi wa pwani wanazo sheria za kuijibu. Mshairi aliyebanwa na mizani huruhusiwa inkisari, akalifupisha neno. Huruhusiwa mazida, akalirefusha. Huruhusiwa tabdila, akaigeuza silabi ili kina kikae mahali pake. Lakini ruhusa zote tatu zina mpaka mmoja unaojulikana na kila aliyepitia kwa mwalimu: maana isiharibike. Neno likikatwa likawa neno jingine, hapo hapana tena uhuru wa mshairi, pana kosa, na malenga wa kweli hulitupa shairi akalianza upya. Kuikata elfu na ushei ikawa 644 ni inkisari ya aina hiyo. Kina kimekaa vizuri, masikio yameridhika, na maana imegeuka kuwa kinyume chake.

Husema tena kwamba wale 356 waliokunjwa na wenziwe wanafundisha ushirikiano. Hili ni la kustaajabisha, maana ushirikiano wa kweli uliotokea ni mkubwa kuliko wa kubuni. Wanafunzi wenziwe Sadako hawakukaa kumalizia hesabu ya maiti. Walisimama kuomba mchango wa kujenga mnara kwa ajili ya watoto wote waliouawa na bomu. Mwito wao ukaitikiwa na skuli zaidi ya 3,100 za Japani na na watu wa nchi nyingine tisa. Mnara ukazinduliwa tarehe 5 Mei 1958 katika bustani ya amani ya Hiroshima: msichana wa shaba nyeusi amemnyanyua korongo juu ya kichwa chake. Watoto wa umri wa miaka 12 na 13 walifanya kazi hiyo. Ni nani atakayesema kwamba kisa hiki kilihitaji kuongezewa chumvi?

Kinachokosekana katika kisa cha kweli ni kimoja tu, nacho ni faraja ya rahisi. Na hapa ni lazima kumkumbuka msikilizaji ambaye wasimulizi humsahau, ijapokuwa husimulia kwa jina lake: mtoto mwingine, aliyelala leo katika wodi, mwenye ugonjwa uleule. Akisomewa kwamba Sadako alifika 644 akafa, atajifunza nini? Atajifunza kuhesabu. Ataamini kwamba kupona ni ujira wa bidii, na kwamba asiyepona hakujitahidi, au hakuamini vya kutosha, au alilala siku ambayo angelikunja korongo wa mwisho. Wakubwa wanaomzunguka humwambia awe shujaa, atabasamu, asikate tamaa. Na mtoto, kwa adabu yake, hutabasamu kwa ajili yao. Matumaini yamegeuzwa kazi ya mgonjwa, na wazima wamekuwa watazamaji wanaopiga makofi.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huletewa. Matumaini nayo ni kama uji ule: ni jukumu la wazima kuyapika na kuyapeleka kitandani yakiwa ya moto. Mtoto mgonjwa hadaiwi chochote, hata tabasamu.

Karatasi si upuuzi

Pana na kundi la pili linalostahili kupingwa, nalo ni la wale ambao wakisikia uongo wa kundi la kwanza huruka hadi upande wa pili wakasema kwamba karatasi ni karatasi, na kwamba kukunja korongo mbele ya saratani ni mchezo wa wajinga. Hawa hujiona wajuzi. Pwani hii ina sababu ya kutowafuata haraka.

Tangu zamani Waswahili wameijua karatasi iliyokunjwa. Wameiandika aya, wakaikunja, wakaishona katika kitambaa au ngozi, wakamvika mtoto mgonjwa. Wameandika kwa zafarani katika sahani nyeupe, wakaiosha kwa maji au marashi, wakamnywesha kombe. Wanavyuoni wamebishana juu ya hirizi, wengine wakaikataza, na mjadala huo una wenyewe. Lakini hata asiyeikubali hirizi anaujua moyo wa mama aliyeishona. Mkono hauwezi kutulia wakati mtoto anaungua kwa homa. Unataka kazi, na kazi hiyo, iwe kukunja, kushona au kuosha sahani, ni dua iliyopata mwili.

Sadako naye alipata faida hiyo katika korongo wake. Siku za hospitali ni ndefu, na aliyelala hana amri juu ya kitu chochote: sindano huja bila ya kumwuliza, wageni huja na kuondoka, damu hupanda na kushuka. Juu ya kipande cha karatasi ana amri. Kwanza mraba, kisha pembe kwa pembe, kisha shingo, kisha mbawa. Kila korongo ni jambo moja lililoanzwa na kumalizwa na yeye mwenyewe. Anayeliita jambo hilo upuuzi hajawahi kukaa na mgonjwa mchana kutwa.

Ila mama wa hirizi hakuwahi kumwambia mtoto kwamba ugonjwa umebaki kwa sababu hakuivaa sawasawa, wala sahani ya kombe haikuwahi kuwa sababu ya jirani kutochangia nauli ya kwenda hospitali. Dua ilikaa pahali pake na mchango ukakaa pahali pake. Kosa la zama hizi ni kuitoa dua mahali pa mchango, kisha kuitia katika fremu.

Korongo wa wakubwa

Kosa hilo limefika mbali. Katika mnara wa watoto wa Hiroshima hupokewa korongo wapatao milioni kumi kila mwaka, kutoka kila pembe ya dunia, uzito wake kiasi cha tani kumi. Mji ulilazimika kutafuta njia ya kuwahifadhi, na hatimaye ya kuwasaga ili wafanywe karatasi mpya. Wengi wa wanaowapeleka ni watoto wa skuli, na mkono wa mtoto hauna lawama. Lawama ni ya wale wenye uwezo wa kufanya zaidi ya kukunja.

Tarehe 27 Mei 2016 Barack Obama alikuwa rais wa kwanza wa Marekani kuizuru Hiroshima akiwa madarakani. Alipeleka korongo wanne wa karatasi, ikasemwa kwamba amewakunja kwa mkono wake. Wawili aliwapa wanafunzi, wawili akawaacha makumbusho. Picha ikaenea. Katika miaka hiyohiyo serikali yake ilikuwa imekwisha kuanzisha mpango mkubwa wa kuzifanya upya silaha za nyuklia za nchi yake, mpango wa miongo mitatu. Hakuna haja ya kudai kwamba korongo wale walikunjwa kwa unafiki. Huenda aliyewakunja alihuzunika kweli. Lakini huzuni ya mwenye mamlaka haipimwi kama huzuni ya kinyozi. Mwenye mamlaka ana karatasi za aina nyingine mezani kwake: bajeti, amri, mikataba. Hizo ndizo anazodaiwa.

Na mkataba upo. Ule wa kupiga marufuku silaha za nyuklia ulipitishwa katika Umoja wa Mataifa tarehe 7 Julai 2017, ukaanza kutumika tarehe 22 Januari 2021, na ibara yake ya sita inazitaka nchi wanachama ziwasaidie waathirika, matibabu yakiwamo. Hakuna hata moja kati ya dola tisa zenye silaha hizo iliyoutia saini. Japani yenyewe, nchi ya Sadako, haikuutia saini. Chama cha manusura, Nihon Hidankyo, kilichoundwa mwaka 1956, kilitunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2024, wakati vichwa vya nyuklia duniani vikiwa bado zaidi ya 12,000. Wazee wale hawakwenda Oslo kuomba korongo. Walikwenda kudai.

Jiwe lilitoka wapi

Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba haya ni mambo ya Wajapani na Wamarekani, na kwamba yeye ni mtazamaji aliye pwani ya bahari nyingine. Bomu la Hiroshima lilikuwa la urani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alikwisha kusafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe yale hadi New York, na mengine yakafuata. Waliochimba, wakapanga, wakabeba, walikuwa Waafrika, katika jimbo ambalo Kiswahili ni lugha ya mgodini na sokoni.

Hili si la kumtwika mchimbaji dhambi ya bomu. Mchimbaji hakuambiwa. Ni la kumrudisha katika hadithi. Vitabu vingi vya historia humtaja Sengier kwa jina, na wachimbaji huwataja kwa jumla, kama wanavyotajwa nyumbu. Hao nao walivuta vumbi la jiwe lilelile, nao walikuwa na watoto, na hakuna skuli iliyowakunjia korongo. Mwaka 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji wa wachimbaji wadogo waliokuwa wameuvamia mgodi huo, hatua iliyokumbusha kwamba zaidi ya nusu karne baada ya bomu watu walikuwa bado wakiliingia shimo lile kwa mikono mitupu. Hadithi ya Sadako ikisimuliwa kwa Kiswahili, na ianzie hapo, Katanga, kabla ya kufika Hiroshima.

Ua la kisiwani

Kuna jambo jingine ambalo hadithi ya machozi hulificha, nalo ni la kutia moyo. Mwaka 1955 saratani ya damu ya watoto haikuwa na tiba ya kuponya. Sidney Farber, daktari wa Boston, alikuwa ameonyesha mwaka 1948 kwamba dawa yaweza kuirudisha nyuma kwa muda. Baada ya muda ilirejea. Leo, katika nchi tajiri, watoto takriban tisa katika kila kumi wenye aina iliyo ya kawaida zaidi ya ugonjwa huu huishi. Hawakuponywa na itikadi wala ushujaa wao. Waliponywa na dawa zilizopangwa kwa miaka ya majaribio, kwa maabara, kwa wauguzi, kwa damu salama, na kwa mtu mwingine kulipa.

Moja ya dawa hizo, vinkristini, ilitolewa katika ua la Madagaska, lile dogo la petali tano, la rangi ya waridi au jeupe, ambalo linaota pia katika nyua na kandokando ya njia za pwani hii, na hukanyagwa na watoto wanaocheza. Kisiwa cha bahari hiihii kiliipa dunia silaha dhidi ya saratani ya watoto. Lakini Shirika la Afya Duniani, lilipoanzisha mpango wake wa saratani za watoto mwaka 2018, lilieleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Likaweka shabaha ya 60 ifikapo mwaka 2030. Ua limesafiri kwenda. Dawa haijarejea kwa kiasi kilekile.

Basi hii ndiyo tafsiri ya kweli ya korongo katika zama hizi. Mtoto wa 1955 alikufa kwa ugonjwa ambao dunia ilimpa na haikujua kuuponya. Mtoto wa leo katika nchi maskini hufa kwa ugonjwa ambao dunia inajua kuuponya. Kumpelekea huyu wa pili hadithi ya yule wa kwanza, na picha ya ndege ukutani, huku kabati la dawa la wodi likiwa tupu, ni kumtaka awe Sadako mwingine. Hakuomba hilo.

Wanaopenda kisa hiki wana njia nyepesi ya kukiheshimu. Wakisimulie chote. Wataje hesabu ilivyokuwa, wataje bomu na aliyeliangusha, wataje deni la kinyozi na sheria iliyochelewa, waitaje na ile karatasi ya pili, isiyokunjwa, yenye hesabu za damu. Washairi nao, ambao wamemwimba korongo kwa kuwa ana mbawa, wajaribu kuiimba ile karatasi isiyo na mbawa. Huko ndiko kuliko na utungo mgumu unaowangoja. Na kila mwalimu, mhisani au kiongozi anayekusanya watoto ili wakunje korongo kwa ajili ya mgonjwa, aulizwe palepale, mbele yao, ni kiasi gani kimekusanywa na wakubwa.

Dawa ya deni ni kulipa. Elfu ya Sadako ilitimia Agosti 1955. Hesabu ambayo haijatimia ni ya upande wa pili.